Kitabu Kilichofungiwa na Msichana Aliyelaumiwa: Usomaji wa Rosa Mistika kutoka Ukerewe hadi Gitega na Muyinga

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya usomaji wa riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), tangu ilipoondolewa shuleni nchini Tanzania hadi inapomfikia msomaji wa Kiswahili katika miji ya Gitega na Muyinga nchini Burundi. Hoja inayotetewa ni kwamba marufuku iliyokifungia kitabu hiki na uhakiki wa shuleni uliokifungulia vilitumia kipimo kimoja: usafi wa mwili wa binti. Kwa sababu hiyo, shauku iliyopindukia ya wanaume wanaomzunguka Rosa imesomwa kama kosa la malezi, wala si kama kiini cha riwaya. Makala yanaonyesha kuwa msomaji wa Burundi, kutokana na historia ya Kiswahili nchini mwake, malezi ya Kikatoliki na matukio ya miaka ya 2017 na 2018, ana nafasi ya kukisoma kitabu hiki upya.

Utangulizi

Mkatoliki wa Gitega akisikia maneno Rosa Mistika, hasikii kwanza jina la msichana. Anasikia litania. Waridi la fumbo ni mojawapo ya sifa anazoitwa Bikira Maria katika litania ya Loreto, na mtu aliyekulia katika jimbo kuu lenye mahali pa hija kama Mugera, misheni iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1899 na inayojaa mahujaji kila tarehe 15 Agosti, amekwisha kuitamka au kuisikia sifa hiyo kabla hajajua kuwa kuna riwaya yenye jina hilo. Mwislamu wa Muyinga, ambako Waislamu ni wengi kuliko katika sehemu nyingi za nchi, huenda asiisikie kabisa. Jalada ni lilelile, lakini kashfa yake haiwafikii wasomaji wote kwa pamoja.

Kezilahabi aliijua kashfa hiyo alipoichagua. Alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, mahali palipoinjilishwa na shirika lilelile la Mapadre Weupe lililoinjilisha Burundi, akasoma katika seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza. Kumpa jina la Mama wa Mungu msichana atakayetoa mimba na kujiua ni uamuzi wa mtu aliyezijua sala hizo kwa moyo. Ukerewe na Gitega zimetengwa na mpaka na masafa, lakini katika jambo hili ni majirani.

Riwaya ya mapenzi yenye giza, ile inayowakutanisha watu waliojeruhika nafsi na kuwaacha wazidi kujeruhiana, ina wasomaji wengi leo katika Afrika Mashariki. Simulizi za aina hiyo husambazwa kwa simu, sehemu baada ya sehemu, kama zilivyochapishwa kabla yake katika magazeti ya Dar es Salaam. Wahakiki wetu hawazijali sana, na walimu wengi huziona kuwa uchafu. Makala haya hayakusudii kuzitetea zote. Nyingine ni mbovu, na ubovu wake ni wa lugha kabla haujawa wa maadili. Lakini swali linaloulizwa juu yake, yaani je, kijana akisoma habari za mapenzi yaliyooza ataoza naye, si geni. Liliulizwa nchini Tanzania zaidi ya nusu karne iliyopita juu ya kitabu ambacho leo hakuna historia ya fasihi ya Kiswahili inayoweza kukiruka.

Kufungiwa na kufunguliwa

Ili kuielewa marufuku hiyo ni lazima kukumbuka hali ya miaka ile. Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea vilitangazwa mwaka 1967. Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana vilipigwa vita katika mitaa ya Dar es Salaam kwa jina la utamaduni wa taifa. Suruali zilitajwa, lakini waliozomewa na kuvuliwa hadharani walikuwa zaidi wanawake. Taifa changa lilikuwa likijitafutia heshima yake, na mahali pa kwanza lilipoitafuta palikuwa magotini mwa msichana.

Katika hali hiyo ndipo Rosa Mistika ilipochapishwa na East African Literature Bureau, taasisi iliyoundwa na serikali za kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 ili Waafrika wapate vitabu vya kufaa. Msomaji wa Kiswahili alikuwa amezoea riwaya ya namna nyingine. Katika maandishi ya Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, wapenzi ni watu wa hekima. Majaribu huwajia kutoka nje, nao huyashinda kwa uadilifu. Kezilahabi alileta familia. Zakaria ni baba mlevi na mkali. Regina ni mama anayevumilia. Rosa ni binti yao mkubwa. Barua moja tu kutoka kwa kijana aitwaye Charles inatosha kumfanya baba ampige binti kwa ukatili. Rosa anakwenda katika shule ya wasichana inayoendeshwa na masista, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na huko kote anakutana na wanaume ambao hakufundishwa namna ya kuwajua ila kuwaogopa. Anaharibikiwa, anatoa mimba, anajaribu kuanza upya. Anapompata tena Charles na ndoa ikawa karibu, Charles anamkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua. Hata hapo riwaya haijamalizana naye, kwa kuwa shauri lake na baba yake linapelekwa mbele ya Mungu.

Kitabu hakikukaa muda mrefu kabla ya kupigwa marufuku shuleni. Sababu iliyotolewa ni ile inayotolewa kila mahali: kingewaharibu wanafunzi. Ni sababu yenye ajabu yake, kwa kuwa kitabu chenyewe kinahusu hasa jambo hilo. Kinaeleza jinsi msichana aliyefichwa kila kitu anavyoharibiwa na kule kufichwa. Wakubwa waliokificha walifanya kwa kitabu alichokifanya Zakaria kwa barua ya Charles.

Baadaye marufuku iliondolewa, na riwaya ikawa kitabu cha kusomwa na kufundishwa shuleni. Historia hii kwa kawaida husimuliwa kama ushindi, na kwa kiasi ni ushindi. Hata hivyo, yafaa kuuliza kitabu kilirudi kwa masharti gani. Kilirudi kupitia uhakiki wa shuleni unaotaka kila kazi itoe dhamira, ujumbe na funzo. Chini ya kanuni hiyo Rosa Mistika ikawa riwaya ya malezi. Kila aliyeisoma kwa ajili ya mtihani analijua jibu: ukali uliozidi wa Zakaria ulimfanya Rosa asiwe na uzoefu, naye alipopata uhuru akapotea, kwa hiyo wazazi wasiwe wakali mno wala walegevu mno.

Jibu hilo si la uongo, ila limebeba jambo ambalo halisemwi. Zakaria analaumiwa kwa kushindwa kulinda. Kosa lake ni la mbinu. Alitumia fimbo pale alipopaswa kutumia maneno, na matokeo yake mali ikaharibika. Kwamba binti si mali, na kwamba usafi wake haukuwa shughuli ya baba kwa kiwango kile, hilo uhakiki wa malezi haulifikii. Aliyekifungia kitabu na aliyekifungulia walitofautiana kama kinafaa kumlinda msichana au kinamhatarisha, lakini wote wawili walikubaliana kwamba kinachopimwa ni msichana.

Nani amepagawa?

Tukiiweka kando kanuni ya funzo kwa kitambo, swali la kwanza linalojitokeza ni hili: katika riwaya hii, nani ametawaliwa na shauku moja hadi akili ikamtoka? Si Rosa. Rosa anapenda, anadanganywa, anatafuta raha, anachoka, anajuta. Hali zake zinabadilika kama za mtu yeyote aliye hai. Wasiobadilika ni wanaume wawili. Zakaria hamwoni binti yake. Anaona kitu kinachoweza kuibwa. Charles, kijana mpole ambaye msomaji amekuwa akimngoja tangu kurasa za mwanzo, anabeba wazo lilelile katika umbo lenye adabu zaidi. Hapigi, hatukani. Anauliza tu, na akipata jibu anaondoka.

Ninaona kwamba Charles ndiye mhusika mkali zaidi kati ya hao wawili, na kwamba ufundi wa Kezilahabi unaonekana hapo kuliko katika vitendo vya kutisha ambavyo wahakiki wa 1971 walivishtukia. Msomaji huandaliwa kumwona Zakaria na Charles kuwa pande mbili zinazopingana: baba anayezuia mapenzi, mchumba anayeyaleta. Mwishoni inadhihirika kuwa walikuwa wakilinda lango moja, mmoja akisimama ndani, mwingine nje. Mapenzi yenye giza ya riwaya hii hayamo katika vitanda vya Morogoro. Yamo katika uchumba unaoonekana safi.

Kezilahabi aliendelea na wahusika wa aina hiyo katika Kichwamaji (1974), ambamo Kazimoto, msomi, anaibeba elimu yake kama ugonjwa hadi anajiua. Adam Shafi naye, katika Vuta N'kuvute (1999), alianza na Yasmin, msichana wa miaka 15 aliyeozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52, na hakuona haja ya kutamka neno baya ili msomaji aone ubaya. Kuna tofauti moja. Yasmin anatoroka, na riwaya inamfuata anakokwenda. Rosa hana pa kutorokea, kwa kuwa kila mlango anaoufungua una mtu anayeuliza swali lile la Zakaria.

Gitega: lugha iliyotiliwa shaka

Kabla riwaya ya Kiswahili haijatiliwa shaka na msomaji wa Burundi, lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kutiliwa shaka. Gitega ilifanywa makao ya utawala wa Kijerumani mwaka 1912, makao yalipohamishwa kutoka Usumbura. Pamoja na maofisa wachache wa Kizungu walikuja askari, wapagazi, wafanyabiashara na wakalimani waliosema Kiswahili, lugha ya utawala wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mtaa wa Waswahili ulikua kando ya boma, nao ulikuwa mtaa wa biashara na wa Uislamu kwa pamoja. Wabelgiji waliochukua nchi mwaka 1916 waliendelea kukitumia Kiswahili katika miji, polisi na sokoni, lakini shule waliwaachia zaidi wamisionari, na wamisionari walikiona Kiswahili kuwa lugha iliyobeba Uislamu mgongoni. Kirundi kikawa lugha ya sala na ya darasa la mwanzo, Kifaransa lugha ya kupandia cheo, Kiswahili kikabaki mtaani.

Matokeo yake yamo katika Kirundi cha kila siku hata leo. Kumwita mtu Umuswahili hakuna maana ya kumtaja lugha au asili yake tu. Mara nyingi ni kusema kuwa ni mjanja, mwongo, mtu wa kuchungwa. Mtafiti wa lugha huchekeshwa kidogo na jambo hili, kwa sababu pwani nako neno uswahili limepata maana ya maneno mengi na ujanja wa mjini. Lakini pwani mzaha huo unatoka kwa wenye lugha wenyewe. Gitega ulitoka kwa waliofundishwa kuiogopa.

Hali imebadilika, na imebadilika upesi. Tangu katikati ya muongo wa 2000 Kiswahili kimeingizwa katika shule za msingi. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Gitega yenyewe ikawa makao makuu ya kisiasa ya nchi mwaka 2019. Mwalimu wa Kiswahili sasa ana ratiba na mtihani, na mzazi aliyemkataza mwanawe kuongea lugha ya mtaani anamlipia masomo ya ziada ya lugha hiyohiyo. Hata hivyo, kivuli hakiondolewi na ratiba. Mwalimu anayetaka kuingiza darasani riwaya kama Rosa Mistika anabeba mizigo miwili: kitabu kinachosema yasiyosemwa, katika lugha iliyodhaniwa tangu zamani kuwa ya watu wasiojua yapi hayasemwi. Si ajabu wengi wakachagua ngano.

Muyinga: lugha iliyorudi na watu

Muyinga ni habari nyingine. Mji huu uko kaskazini mashariki, si mbali na mpaka wa Kobero, na ng'ambo ya mpaka kuna Ngara, ambako Wahangaza husema lugha inayoelewana kwa kiasi kikubwa na Kirundi. Kiswahili hapa hakikuletwa na boma peke yake. Kilipita kwa miguu, na kinaendelea kupita, pamoja na kahawa, nguo na ndugu.

Mwaka mmoja baada ya Rosa Mistika kuchapishwa, Burundi iliingia katika mauaji ya 1972. Waliokimbilia Tanzania walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na, baadaye katika muongo huohuo, Mishamo. Watoto wao walisoma katika shule za mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, na waliofika sekondari walikutana na vitabu teule sawa na wenzao wa Tabora au Mwanza. Fasihi ya Kiswahili kwao haikuwa somo la lugha ya kigeni bali fasihi, bila nyongeza. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993 wimbi jingine lilivuka. Kambi zilizofuata, Lukole ya Ngara ikiwa mojawapo, zilifundisha kwa mtaala wa Burundi, lakini Kiswahili kilijifunzwa sokoni na redioni.

Kisha ikaja safari ya kurudi. Kati ya wakimbizi wa 1972, zaidi ya 160,000 walichukua uraia wa Tanzania, na zaidi ya 50,000 walirejea Burundi tangu mwaka 2008; kabla yao, tangu mwaka 2002, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa 1993 walikuwa wamekwisha kurudi, wengi kwa njia ya Kobero na Muyinga. Vijana wasiojua Kifaransa walijikuta nyuma ya wadogo zao darasani. Historia ya kurudi huko imeandikwa zaidi kwa upande wa ardhi, nani alikuta shamba lake na nani alikuta limekwisha kugawiwa. Upande wa vitabu haujaandikwa. Waliosoma sekondari Tanzania walirudi wakiwa na riwaya vichwani mwao, hata kama hawakurudi nazo mikononi, na kwa sehemu fulani hao ndio waliokuwa tayari kukifundisha Kiswahili pale serikali ilipokihitaji. Kwa hiyo msomaji wa Muyinga, tofauti na yule wa Gitega, anaweza kukifikia kitabu hiki kwa mkono wa mjomba au dada badala ya mtaala. Na pamoja na kitabu hupokea lile jibu la mtihani: wazazi wasiwe wakali mno wala walegevu mno.

Miaka ya 2017 na 2018

Jibu hilo halitoshi Burundi, na sababu ni ya historia ya karibuni. Mwaka 2017 serikali ilianzisha kampeni ya maadili, na watu walioishi kinyumba pasipo ndoa rasmi wakaamriwa kuhalalisha ndoa zao kabla ya mwaka kwisha. Katikati ya mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitoa uamuzi kwamba wasichana waliopata mimba, pamoja na wavulana waliowapa mimba hizo, wasirudi katika shule za mfumo wa kawaida. Waliachiwa njia ya mafunzo ya ufundi. Uamuzi huo ulipingwa, na miezi michache baadaye ukabatilishwa. Tanzania, kisiwa cha Rosa kikiwa ndani yake, ilishikilia msimamo wa kuwaondoa shuleni wasichana wenye mimba, ukatiliwa mkazo na Rais John Magufuli mnamo Juni 2017, hadi Novemba 2021 ulipoondolewa.

Mtu anaweza kusema kwamba uamuzi wa Burundi ulikuwa wa haki zaidi kwa kuwa ulimtaja mvulana. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini mimba huonekana kwa mmoja tu, na mwingine anaweza kukana. Naye akiwa mwalimu, mfanyabiashara au jirani mwenye familia, hayumo darasani wa kufukuzwa. Rosa hakuharibiwa na wanafunzi wenzake peke yao. Katika chuo cha Morogoro, kama Kezilahabi anavyoonyesha, wenye mamlaka nao wamo.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba riwaya hii haina budi kusomwa Gitega na Muyinga, na kusomwa vingine. Msomaji aliyekuwa kidato cha tatu mwaka 2018 anajua kwamba swali la Zakaria linaweza kuandikwa kwa barua yenye mhuri. Mwalimu akimwambia kuwa funzo la kitabu ni malezi ya wastani, atakuwa amemrudishia kitabu kikiwa kimefungiwa kwa mara ya pili.

Fasihi ya Burundi yenyewe inamsaidia. Mwaka 2012 Roland Rugero alichapisha kwa Kifaransa riwaya fupi, Baho!, ambamo kijana bubu aitwaye Nyamuragi anamwuliza msichana kwa ishara mahali pa kujisaidia, ishara zinaeleweka vibaya, naye anashukiwa kutaka kumbaka. Umati unakusanyika. Rugero hasemi kwamba ubakaji si kitu. Nchi yake inaujua mno. Anaonyesha kitu kilekile ambacho Kezilahabi alikiona nyumbani kwa Zakaria, safari hii kikiwa na ukubwa wa kijiji kizima: ulinzi wa binti ukishakuwa kichaa, hautofautishi tena mwenye hatia na asiye na hatia, wala haumwulizi binti lolote. Riwaya hizi mbili zingefaa kusomwa pamoja. Kwa sasa moja iko katika somo la Kifaransa na nyingine, ikibahatika, katika somo la Kiswahili, na walimu wake hukutana chumba cha walimu wakiwa na madaftari tofauti.

Soni, kuzira na ubikira

Limebaki jambo la maneno. Msomaji wa Kirundi haanzi na mikono mitupu katika Kiswahili cha riwaya hii. Aibu kwa Kirundi ni isoni, na Kiswahili kinalo neno soni kwa maana hiyohiyo, ingawa siku hizi halisikiki sana. Kwa Kirundi soni si doa, ni sifa. Mtu wa heshima, hasa mwanamke, huitwa umupfasoni, na soni imo ndani ya neno. Vivyo hivyo, kwa mwiko Mrundi atasema kirazira, yaani jambo hilo halifanywi. Katika Kiswahili kuzira kumebaki na maana nyembamba zaidi, ya kususa kwa hasira, kama mtoto anavyozira chakula. Ukisoma Rosa Mistika ukiwa na maana zote mbili masikioni, Charles anaonekana vingine. Yeye anadhani anatii mwiko. Tendo lake, kwa Kiswahili sanifu, ni kuzira.

Lakini neno gumu kuliko yote ni bikira. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, na kinalitumia kwa Maria na kwa msichana yeyote ambaye hajamjua mwanamume. Ni neno la kanisani, la mahakamani na la zahanati. Kirundi kililipokea kutoka Kiswahili kupitia kanisa, na kikaligeuza kuwa la kanisa tu. Bikira Mariya ni Mama wa Mungu, ababikira ni masista. Tafsiri ya Kiingereza ya Jay Boss Rubin, iliyotolewa na Yale University Press mwaka 2025, haikupaswa kuhangaika na jambo hili, kwa kuwa Kiingereza nacho kinatumia neno moja kwa Maria na kwa msichana. Atakayeitia riwaya hii katika Kirundi atahangaika. Charles anapotaka kujua kama Rosa ni bikira, msomaji wa pwani anasikia swali la mchumba. Msomaji wa Gitega anasikia kijana wa Namagondo akimwuliza msichana aliyelelewa na ababikira, aliyepewa jina la Maria, kama yeye ni sista, au kama yeye ni Maria.